Kunyumbua "tener": kitenzi cha Kihispania cha "kuwa na"

Bila tener huwezi kutaja umri wako kwa Kihispania, huwezi kusema una njaa, wala kueleza kwamba inakubidi uondoke. Ni kitenzi cha kila siku, na ni mojawapo ya vile visivyofuata kanuni. Hilo lisikushangaze. Hata "kuwa na" yetu ni kaidi vilevile: tunasema "nina", hatusemi "ninawa na", lakini wakati uliopita "kuwa" inarudi, "nilikuwa na". Vitenzi vinavyotumika mno ndivyo huhifadhi ukaidi wao katika lugha nyingi.

Wengi huanza kwa kukariri jedwali zima, wakati mmoja baada ya mwingine. Njia hiyo inachosha, na kinachokaririwa hivyo huyeyuka upesi. Kariri mashina matano tu: ten-, teng-, tien-, tuv- na tendr-. Ukijua kila shina linatumika wapi, kilichobaki ni viishio, na viishio vingi unavijua tayari kutoka vitenzi vya kawaida kama comer (kula).

Wakati uliopo

- yo tengo: nina
- tú tienes: una
- él, ella, usted tiene: ana (kwa usted: una, kwa heshima)
- nosotros tenemos: tuna
- vosotros tenéis: mna
- ellos, ellas, ustedes tienen: wana (kwa ustedes: mna)

Kumbuka kwamba nafsi inakaa mwishoni mwa kitenzi, si mwanzoni kama kwetu. Kwa kuwa kiishio kinamtaja mtendaji, yo na tú huachwa mara nyingi, kama tusivyosema "mimi nina" kila mara. Vosotros hutumika Hispania. Amerika ya Kusini na ya Kati "ninyi" ni ustedes, na huchukua umbo la "wao".

Sasa angalia mashina. Tienes, tiene na tienen zina ie kwa sababu mkazo unaangukia shina: TIE-nes. Katika tenemos na tenéis mkazo umehamia kwenye kiishio, kwa hiyo e inabaki e. Ndiyo maana "tienemos", kosa linalosikika kuliko yote hapa, haliwezekani. Ushahidi mzuri wa kanuni hii uko Argentina na Uruguay, ambako badala ya tú husemwa vos: umbo lake ni tenés, mkazo mwishoni, na ie haipo.

Tengo inasimama peke yake. Ina g ya ziada na haichukui ie, kwa hiyo usiandike "teno" wala "tiengo". G hiyohiyo utaikuta katika vengo (ninakuja), pongo (ninaweka) na salgo (ninatoka). Itamke kama ng ya "tenga", lile kapu la matunda, si kama ng' ya "ng'ombe".

Kukanusha ni rahisi: weka no mbele ya kitenzi na usiguse kingine. No tengo, no tienes, no tenemos.

Kutoka tengo hadi tenga

Ondoa -o ya tengo, uweke viishio vya a, na umepata hali tegemezi (subjuntivo): tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan. Shina teng- linakaa humo mote, hata kwa nosotros.

Mara nyingi Kiswahili chako kitakuongoza. Palipo na "uwe na, awe na, tuwe na", Kihispania huweka tenga na wenzake: Quiero que tengas paciencia, "nataka uwe na subira". Lakini kuna sehemu mbili ambazo Kiswahili hakitakusaidia. Ya kwanza ni mashaka. Sisi husema "sidhani kama ana muda", bila kubadilisha kitu, ila wao husema no creo que tenga tiempo. Ya pili ni cuando ("wakati", au -po- yetu) inapozungumzia jambo ambalo bado halijatokea. "Nitakapokuwa na pesa nitakulipa" ina -ta- ndani yake, na hilo humvuta mwanafunzi aandike "cuando tendré". Sahihi ni cuando tenga dinero, te pagaré.

Wakati uliopita una nyuso mbili

Uso wa kwanza ni tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían. Hapa tener inatii kanuni kabisa. Kumbuka tu alama juu ya í katika kila umbo.

Uso wa pili ndio mgumu:

- tuve
- tuviste
- tuvo
- tuvimos
- tuvisteis
- tuvieron

Hakuna alama ya mkazo hata moja. Comer ina comí na comió, ndiyo maana wanafunzi huandika "tuvé" na "tuvió", lakini katika tuve na tuvo mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Estar na andar hufuata mtindo huohuo: estuve, anduve. Ukijifunza moja, umejifunza tatu.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wake wa pekee hapa, nao ni macho. Tumezoea tu- ya mwanzo kuwa "sisi", kwa hiyo ukisoma haraka, tuve na tuvo zinaonekana kama zinatuhusu sisi. Tuve ni mimi. Tuvo ni yeye. "Sisi" ni tuvimos, na unaijua kwa -mos ya mwisho. Jizoeshe kutazama mwisho wa neno kwanza.

Tena v hiyo si v yetu ya "vita". Meno hayagusi mdomo wa chini. Midomo miwili inakaribiana bila kufungana, sauti iliyo karibu na b laini. Tuvo na tubo (bomba la maji) hutamkwa sawasawa, kwa hiyo sikio halitakusaidia kwenye tahajia.

Uchague upi kati ya tenía na tuve? Tenía ni hali iliyokuwa ikiendelea, tuve ni tukio lililotokea likaisha. Mara nyingi Kiswahili hutenganisha hayo kwa "kuwa na" na "kupata":

Tenía una idea: nilikuwa na wazo.
Tuve una idea: nilipata wazo, lilinijia.

Umri wa wakati uliopita, katika sentensi za kawaida, huenda na tenía: cuando tenía diez años, "nilipokuwa na miaka 10". Tofauti hujitokeza waziwazi zaidi kwenye wajibu. Tuve que salir humaanisha ilinibidi nitoke, na nilitoka. Tenía que salir husema tu kwamba nilitakiwa kutoka. Kama nilitoka au sikutoka, sentensi haisemi. Ukichanganya haya mawili katika mazungumzo, msikilizaji ataelewa kisa tofauti na ulichokusudia.

Wakati ujao na "nge"

Kitenzi cha kawaida huchukua umbo lake zima na kuongeza kiishio: comer, comeré. Tener ilipoteza e ya katikati, n ikakutana na r, na d ikajipenyeza kati yao: tendr-. Kiswahili hakiko mbali na tabia hiyo. "-refu" ikikutana na n hugeuka "ndefu", na wingi wa "ulimi" ni "ndimi". N haipendi kukaa ubavuni mwa r au l, na d ndiyo hutatua ugomvi.

Ujao: tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán.
Sharti: tendría, tendrías, tendría, tendríamos, tendríais, tendrían.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa maumbo mengi ya tener mazoea hayo yanafaa: TEN-go, te-NE-mos, tu-VIS-te, te-NÍ-a. Tendré ni kinyume, ten-DRÉ, mkazo mwishoni kabisa. Vilevile tendrás, tendrá, tendréis, tendrán na tenéis. Kwa upande mwingine, teníamos na tendríamos zina mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho: te-NÍ-a-mos. Alama unayoiona juu ya irabu ndiyo inayokuonyesha mahali pa kukaza sauti, kwa hiyo iandike kila mara na usiichukulie kama pambo.

Sasa sentensi ya "ningekuwa". Chukua tuvieron, ondoa -ron, weka -ra: tuviera, tuvieras, tuviera, tuviéramos, tuvierais, tuvieran. (Utakutana pia na tuviese, tuvieses na kadhalika, maana katika sentensi hii ni ileile.) Sisi huweka -nge- pande zote mbili: "ningekuwa na muda, ningeenda". Kihispania hugawa kazi: upande wa si ("kama" ya Kihispania, si kanusho letu) huchukua tuviera, upande wa matokeo huchukua sharti. Si tuviera tiempo, iría. Ukiandika "si tendría tiempo", umetafsiri -nge- moja kwa moja, na mwalimu ataisahihisha.

Kuamuru

Amri kwa tú ni ten, silabi moja: ten cuidado, "uwe mwangalifu". Kwa usted ni tenga, kwa ustedes tengan, kwa vosotros tened, kwa vos tené. Kukataza hurudi kwenye teng-: no tengas miedo, "usiogope".

Maumbo mawili ya mwisho hayana shida: teniendo, la jambo linaloendelea, na tenido, la jambo lililotimia. Angalia tu kwamba nyakati zenye kitenzi kisaidizi huundwa kwa haber, si tener. "Nimekuwa na bahati" ni he tenido suerte. Na "kuna" ni hay: hay agua, kuna maji. Tiene agua ni "ana maji" au "ina maji".

Mahali Kiswahili kinapokubeba, na kinapokuangusha

"Nina njaa" ni tengo hambre. "Nina kiu", tengo sed. "Nina usingizi", tengo sueño. "Nina haraka", tengo prisa. "Nina miaka 20", tengo veinte años. Muundo ni uleule, na huna haja ya kuzunguka kupitia lugha nyingine. Baridi na joto, ambavyo sisi huvisikia, wao huwa navyo: tengo frío, tengo calor. Usithubutu kusema "estoy caliente" ukimaanisha unasikia joto. Wengi wataielewa kama hamu ya mapenzi. Na usisahau alama juu ya ñ ya años, maana anos ni wingi wa tundu la haja kubwa.

"Sana" hutusumbua. Njaa ni nomino, kwa hiyo haichukui muy, "sana" ya vivumishi. Huchukua mucho au mucha kulingana na jinsia ya nomino: mucha hambre, mucha sed, mucha prisa, lakini mucho frío, mucho calor, mucho sueño.

Kwa wajibu, tener que hufuatwa na kitenzi kisichonyumbuliwa. "Inabidi nile" ina nafsi kwenye kitenzi cha pili, ndipo watu huandika "tengo que como". Sahihi ni tengo que comer. Usiache que, na usiguse -r ya mwisho.

Jamaa zake

Mashina yale matano yanakufungulia pia mantener (dumisha), obtener (pata), contener (kuwa na kitu ndani), detener (simamisha), retener (zuia), sostener (tegemeza), entretener (burudisha) na abstenerse (jizuia). Weka kiambishi mbele, mengine yabaki yalivyo: mantengo, obtuvo, contiene, detendrán. Amri pekee ndiyo huongeza alama, kwa kuwa neno sasa lina zaidi ya silabi moja na mkazo uko mwishoni: mantén, detén.

Kwa mazoezi, chukua sentensi moja uipitishe nyakati zote: tengo que esperar, tenía que esperar, tuve que esperar, tendré que esperar, tendría que esperar. Kisha irudie yote kwa nosotros. Nosotros ndiye mtahini mkali, maana ndiye huondoa ie wakati uliopo na kusogeza mkazo katika teníamos na tendríamos. Ukiweza kuandika hizo kumi bila kutazama, na alama zote zikiwa mahali pake, hamia detener na uanze upya.