Somo: Viza za abiria wa meli ya kitalii, kwa mfano wa safari ya Ugiriki na Uturuki

Ndugu wasomaji, mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayekata tiketi ya meli ya kitalii hupewa ratiba yenye majina ya bandari, na ratiba hiyo ndiyo ya kusomwa kabla ya kugusa fomu yoyote ya viza. Nitatumia safari inayojulikana sana: meli huondoka Piraeus, bandari ya Athens, hupita Mykonos, huvuka hadi Kuşadası nchini Uturuki, ambako abiria hushuka kuona magofu ya Efeso, kisha hurudi Ugiriki kupitia Patmos, Rhodes na Santorini.

Hatua ya kwanza. Pitia bandari moja baada ya nyingine, uandike ipi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na zisizokaguana mipakani, na ipi haimo. Ugiriki imo, Uturuki haimo. Tahadhari na orodha za zamani: Kroatia ilijiunga tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo Dubrovnik sasa ni ndani, ilhali Kotor ya Montenegro, iliyo jirani yake kabisa, ni nje.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo sababu ya kuandika somo hili. Unapotua Athens umeingia Schengen mara ya kwanza. Meli inapokwenda Kuşadası umetoka. Inaporudi Patmos unaingia mara ya pili, ingawa koti lako limebaki kwenye kabati lile lile la chumba chako. Viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Katika fomu, chagua kuingia mara mbili au mara nyingi, na uambatanishe ratiba kamili ya meli ili afisa aione Kuşadası kwa macho yake. Niliwahi kusaidia familia moja ambayo wakala wao alituma tiketi za ndege na hoteli tu bila ratiba ya meli. Walipewa viza ya kuingia mara moja, wakazuiwa kupanda melini pale Piraeus, na nauli haikurudishwa. Mama wa familia ile alikuwa ameweka akiba miaka mitatu, na mpaka leo linaniuma.

Hatua ya tatu. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Katika safari hii ni Ugiriki, bila ubishi. Ikiwa meli inagawa siku sawa kati ya Italia, Ufaransa na Hispania, basi ni nchi ambayo utavuka mpaka wake kwanza. Mimi hushauri kulala usiku mbili katika mji wa kupandia meli: ndege ikichelewa huachwi, na hesabu ya siku nayo huwa wazi.

Hatua ya nne ni nyaraka. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kuondoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15.

Hatua ya tano. Sheria ya Uturuki inaruhusu abiria wa meli wanaoshuka kutembelea mji wa bandari na mikoa ya jirani kusamehewa viza kwa muda usiozidi saa 72. Huo ni msamaha unaotegemea mamlaka za huko, si haki ya kudai, hivyo iombe kampuni ya meli ikuthibitishie kwa maandishi kwamba unahusu pasipoti yako.

Hatua ya sita. Ukipokea stika ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, isome papo hapo kabla hujaondoka dirishani. Penye idadi ya kuingia pawe na 2 au neno MULT, yaani mara nyingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nisiposhuka Kuşadası, nikabaki melini, viza ya kuingia mara moja itanifaa?

Hapana, ndugu yangu. Meli yenyewe imetoka Schengen ikiwa na wewe ndani, na orodha ya abiria hukabidhiwa maafisa wa mpaka inaporudi. Usijaribu.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Muscat kwa kibali cha ukaazi. Je, nirudi Dar es Salaam kuomba?

Marahaba. Si lazima. Maombi hufanywa mahali unapoishi kihalali, kwa hiyo omba huko huko Oman, na uambatanishe nakala ya kibali.

Nina kibali cha ukaazi cha Ujerumani, na dada yangu ana cha Uingereza. Sote tuna pasipoti za Kenya. Tunahitaji viza ya Ugiriki?

Wewe huhitaji. Kibali cha Ujerumani pamoja na pasipoti vinakuruhusu kukaa Ugiriki hadi siku 90 katika kila siku 180, na kurudi baada ya Kuşadası. Dada yako anahitaji, kwa sababu Uingereza haimo Schengen. Aombe akiwa huko huko Uingereza, na asisahau kuambatanisha ratiba ya meli.