Karakana ndogo ya mikanda: anzia juu, kwenye shafti

Wengi wanaojenga kielelezo kidogo cha karakana ya zamani huanza na mashine, kwa sababu ndizo zinazovutia macho. Leizi (mashine ya kuchonga kitu kinachozunguka) inatoka nzuri, drili inatoka nzuri, halafu mikanda haikai. Mashine zote hizo huzungushwa kwa mikanda inayotoka kwenye shafti kuu, yaani fimbo ndefu inayozunguka chini ya paa. Itengeneze hiyo kwanza, izunguke bila kukwama, ndipo ushuke sakafuni.

Tumia kipimo cha 1:24, yaani kila kitu kiwe kidogo mara 24 kuliko halisi. Sababu ni spoki ya baiskeli, ambayo ndiyo itakuwa shafti: unene wake wa kawaida ni milimita 2, na ukizidisha kwa 24 unapata milimita 48, ukubwa unaofaa kwa karakana ya zama ambazo reli ilifika Tabora (1912) na Kigoma (1914). Kata kichwa kilichopinda na sehemu yenye nyuzi za skrubu, ubaki na milimita 240. Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 12, sentimita 30 kwa 25. Shafti ikae milimita 125 juu ya sakafu, yaani mita 3 za karakana halisi. Jenga kuta tatu tu. Upande wa mbele uache wazi ili mikono ipite.

Kwa nguzo, boriti na puli (magurudumu yanayobeba mkanda), chukua mabaki ya mninga kwa mafundi samani, Tabora hayakosekani. Mninga haupindi sana mvua zinapoanza Novemba, na hilo ni jambo kubwa hapa, maana nguzo ikijikunja hata milimita moja shafti inabana. Vumbi lake huwasha pua na kifua, hivyo vaa barakoa unapopiga msasa.

Bushi, vijibomba ambamo shafti huzunguka, tengeneza kwa nipeli za spoki, yaani vile vifungo vinavyoishika spoki kwenye rimu. Zilete karibu na sumaku: zikivutwa ni za chuma, ziache; ukikwaruza ukaona njano ndani, ni shaba. Pitisha biti ya milimita 2 katikati kuondoa nyuzi. Unahitaji tatu. Vipande vitatu vya mbao vya kushikia bushi vifunge pamoja kwenye jiliwa, uvitoboe kwa mkupuo mmoja, ili matundu yote yawe kimo kimoja. Pima nipeli zako kabla ya kuchagua biti. Nyingi huwa karibu milimita 4.

Kabla ya kutumia spoki, iviringishe juu ya kioo. Ikirukaruka imepinda: tafuta nyingine, usihangaike kuinyoosha kwa nyundo.

Sasa puli. Kata visahani vya mninga vyenye unene wa milimita 5, vitoboe milimita 2, uvigundishe kwenye shafti kwa gundi ya kuchanganya mbili. Bushi ya katikati lazima iingie kwenye shafti kabla ya visahani. Hili husahaulika kuliko yote, na likisahaulika unaanza upya. Gundi ikikauka, funga ncha moja ya shafti kwenye drili, ncha ya pili ikae ndani ya nipeli iliyochomekwa kwenye gogo. Zungusha polepole, chonga kwa tupa kisha msasa. Puli iliyochongwa juu ya shafti yake haiyumbi. Iliyochongwa pembeni na kuhamishwa huyumba karibu kila mara.

Usiiache puli bapa. Katikati iwe juu kidogo kuliko kingo, nusu milimita inatosha, kwa kuwa mkanda bapa hupanda penye kipenyo kikubwa na kutulia hapo. Ukiweka kingo za kuuzuia badala ya mwinuko huo, mkanda utapanda ukingo na kuanguka.

Kufunga: gundisha bushi mbili za mwisho, zungusha shafti kwa vidole, na ya katikati iache ijitafutie mahali pake kabla ya kuigundisha. Kabla ya kugundisha, paka nta ya nyuki kidogo kwenye shafti kando ya kila bushi, la sivyo gundi itatambaa ndani na kuikamata.

Mkanda mzuri ni utepe wa kushonea wa milimita 3. Tyubu ya baiskeli inaonekana rahisi, lakini huvuta shafti mbili zikaribiane na mota inachoka. Pishanisha ncha za utepe milimita 5 kwa gundi ya kuziba pancha. Supagluu huacha kifundo kigumu kinachogonga kila kinapopita kwenye puli ndogo. Mkanda ukiteleza, paka gundi hiyohiyo ya pancha, nyembamba, upande wa ndani na uiache ikauke kabisa.

Leizi inahitaji shafti ya pili kati yake na shafti kuu. Puli za ngazi, za kubadilishia kasi, zipe vipenyo vya milimita 8, 11 na 14 kwenye shafti ya pili, na pacha wake kwenye leizi zikae kinyume, 14, 11 na 8: jumla ni 22 kila ngazi, kwa hiyo mkanda mmoja unatosha zote. Ukitaka leizi izunguke kinyume, ongeza mkanda uliokatizwa kama nane. Drili ya kusimama na jiwe la kunolea huhitaji mkanda mmoja kila moja. Miili ya mashine chonga kwa mbao, paka rangi ya kijivu iliyokolea. Spindo tu, yaani mhimili wa mashine, ndiyo izunguke kweli.

Mota ya DVD mbovu kwa betri mbili za tochi inatosha, ila huenda kasi mno. Punguza kasi kwa hatua mbili: puli ya milimita 5 kwenda 50, kisha ya 8 kwenda 32. Hiyo ni 40 kwa 1. Mota ikizunguka 3,000 kwa dakika, shafti hupata 75, na jicho linauona mkanda ukitembea.

Funga mkanda mmoja, jaribu, ndipo uongeze wa pili. Mota ikizimika baada ya wa tatu, legeza mikanda kabla ya kufikiria betri zaidi. Mkanda unaokimbilia upande mmoja unaonyesha kuwa shafti mbili hazilingani: kwa kawaida huelekea pale zilipokaribiana. Sogeza mguu wa mashine, usiguse shafti kuu.