Jinsi ya kufuta sharti la ubaguzi kwenye hati ya nyumba yako Minneapolis

Ukinunua nyumba kusini mwa Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota, Marekani, hasa upande wa Nokomis, Longfellow au kandokando ya kijito cha Minnehaha, usishangae ukikuta hati ya zamani ya kiwanja chako inakukataza kuishi hapo. Siyo ile uliyotia saini siku ya kukabidhiwa funguo. Ni ya wenye kiwanja wa zamani, na kila aliyenunua baada yao alikirithi kiwanja pamoja na maneno yake. Ya kwangu ni ya 1926: kiwanja kisiuzwe, kisipangishwe wala kukaliwa na mtu yeyote asiye mzungu. Mimi ni mtu wa Kaloleni, Kilifi, kazi yangu ni kuhudumia wazee usiku, na nyumba hiyo ndiyo ninayoilipia mkopo kila mwezi.

Kisheria sharti hilo halina nguvu tena. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hakuna mahakama itakayolitekeleza. Minnesota ikapiga marufuku masharti mapya mwaka 1953. Kisha ikaja sheria ya 1968 ya kuzuia ubaguzi wa makazi, aliyoitia saini Rais Johnson wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Lakini maneno yenyewe yalibaki kwenye rejista, na ni tangu 2019 tu ambapo sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili waraka wa kuyafuta rasmi. Kazi hiyo haihitaji pesa nyingi wala Kiingereza cha chuo kikuu.

Anza na ramani. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi uitwao Mapping Prejudice, ulioanza 2016. Walipitisha hati za zamani kwenye kompyuta ili zichuje zile zenye maneno ya rangi, kisha watu wa kujitolea wakazisoma moja moja. Kwa Minneapolis peke yake walipata kama 8,000. Ramani iko wazi mtandaoni, bure. Itafute mitaa yako, uone kama kiwanja chako kimetiwa rangi. Hata kama unapanga tu, itazame. Hutaweza kufuta kitu, lakini utajua umelala juu ya nini.

Ukikipata, unahitaji vitu viwili: namba ya hati yenye sharti, na maelezo ya kisheria ya kiwanja, yaani namba ya ploti, ya bloku na jina la eneo lilivyopimwa. Anwani ya mtaa haitoshi, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Maelezo hayo yamo kwenye hati uliyopewa uliponunua, kwa hiyo lichimbue lile bahasha kubwa la makaratasi. Angalia pia kama nyumba yako imesajiliwa kwa mfumo wa kawaida au wa Torrens, yaani ule wa cheti cha umiliki kinachothibitishwa na serikali. Kaunti ya Hennepin, ambamo Minneapolis imo, ina yote miwili, na waraka ukipelekwa kwenye mfumo usio wake utarudishiwa.

Ukiona mambo ni mazito, waandikie Just Deeds. Ni ushirika ulioanzia Golden Valley, mji unaopakana nasi kwa magharibi. Wanasheria wake wanajitolea, wanakutafutia hati na kukujazia fomu bila malipo. Ukifanya mwenyewe, chukua fomu ya kufuta sharti kutoka kaunti, ijaze, itie saini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary public), kisha ipeleke kwa msajili wa hati. Uliza kwanza kuhusu ada ya usajili, maana miji mingine huwalipia wakazi wake. Akija mtu kukutoza mamia ya dola kwa kazi hii, mfunge mlango.

Sasa niseme lile ninaloambiwa kila ninapoleta habari hii baada ya ibada: dada, hayo ni mambo ya Weusi wa hapa na Wazungu wao, sisi tulikuja kutafuta maisha. Nenda kasome hati. Ile ya 1910, inayojulikana kuwa ya kwanza mjini humu, inawataja Wachina, Wajapani, Waturuki, na wenye damu ya Kiafrika. Haiulizi kama umetoka Mississippi au Machakos. Tumenunua nyumba hapa kwa sababu kuna watu waliolipia ruhusa hiyo kabla yetu, na tuna wajibu wa kuwajua.

Nenda kona ya barabara ya 46 na Columbus Avenue. Mwaka 1931 Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, alinunua nyumba ndogo pale yeye na mkewe Edith. Majirani walitaka kuirudisha kwa kuinunua, akakataa. Jioni za Julai umati ukajaa barabarani, maelfu ya watu, wakitupa mawe na kutukana, na ndani mna mtoto mdogo. Wakili wao alikuwa Lena Olive Smith, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili Minnesota. Familia haikutoka mwaka ule, wala uliofuata. Nyumba bado ipo, ni ndogo kuliko utakavyodhani, na tangu 2014 imo kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Niliwapeleka wanangu. Mkubwa alipima kwa macho kutoka barabarani hadi dirishani, akasema mtu angeweza kurusha jiwe bila hata kunyoosha mkono.

Jua pia usichopata. Waraka huu haupandishi thamani ya nyumba, wala haurudishi mali ambayo familia za Weusi zilizuiwa kuijenga kwa miongo mingi; pengo la umiliki wa nyumba kati ya Weusi na Wazungu hapa ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini. Na hati ya zamani haichanwi. Inabaki kwenye rejista, na waraka wako unawekwa juu yake, kuonyesha kuwa umekataa. Mimi naona ndivyo inavyopaswa. Wakiichana, kesho atatokea wa kusema haikuwahi kuwepo.

Msajili akikurudishia nakala yenye mhuri na namba mpya, ipige picha, kisha iweke pamoja na nakala ya ile ya zamani kwenye bahasha moja. Siku ukiuza nyumba, mkabidhi mnunuzi zote mbili. Na kabla ya hapo, tazama tena ramani: viwanja hivi viliuzwa kwa mafungu, kwa hiyo kama chako kina sharti, cha jirani yako wa kulia na cha wa kushoto karibu hakika kinalo. Wabishie hodi uwaonyeshe fomu.