Kuendesha lori la GMC la Vita Kuu ya Pili: anza na breki, kisha klachi

Marekani ilitengeneza malori ya GMC CCKW zaidi ya nusu milioni kati ya 1941 na 1945, ndiyo maana bado unaweza kulipata la kununua Ufaransa. Lori tupu lina tani nne na nusu hivi, kwa hiyo leseni ya gari dogo haitoshi.

1. Kabla hujalipa
Injini ya silinda sita, lita 4.4, ni ngumu na vipuri vyake bado vinauzwa, isikunyime usingizi. Lala chini na tochi, utazame mipira inayopitisha mafuta ya breki. Mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja tu: mpira mmoja ukipasuka, hakuna gurudumu linaloshika. Muuzaji akisema "breki ziko poa", badilisha mipira yote hata hivyo. Rimu nazo zina ringi ya chuma inayofunga tairi, na ringi ikichomoka wakati wa kujaza upepo inaua. Kazi hiyo mwachie fundi wa matairi ya malori mwenye kizimba cha chuma.

2. Kuwasha
Gia huru, vuta choki (kitufe cha kuwashia injini ikiwa baridi), kanyaga klachi, kisha pedali ya stata iliyoko sakafuni. Umeme ni wa volti 6, hivyo stata huzunguka kivivu. Ndivyo ilivyo.

3. Gia
Tafuta uwanja mtupu. Gia hazina kitu cha kuzilinganishia mwendo, kazi hiyo ni yako. Kupanda gia: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, subiri injini ishuke mngurumo, kanyaga tena, ingiza. Kushuka ndiko kugumu: gia ikiwa huru na klachi umeiachia, piga mafuta kidogo injini ipande, ndipo ukanyage tena na kuingiza. Ikikwaruza, usilazimishe, rudi gia huru uanze upya. Ikiingia sawasawa, mkono hausikii hata mtikisiko. Sikiliza injini, acha kutazama mshale wa spidi.

4. Barabarani
Kibao cha dashibodi kinaruhusu maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72. Mimi huishia 60. Chagua gia ndogo kabla ya mteremko, si katikati yake. Breki ya mkono hubana shafti inayozungusha magurudumu, hivyo ni ya kuegesha tu. Ekseli ya mbele iunganishe kwenye tope peke yake. Usukani ukiwa mzito ghafla kwenye lami, tazama kwanza kama umesahau kuitenganisha.