Kumtunza Mzazi Mwenye Maumivu ya Mwili kwa Njia ya Ayurveda

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, maumivu ya mgongo na viungo baada ya kujifungua huhesabiwa kuwa dalili ya kuzidi kwa vata, nguvu ya ukavu na ubaridi, hivyo mzazi hupewa chakula cha moto, laini na chenye mafuta. Pika mchele na choroko zilizokobolewa hadi vilainike kabisa, ukitia bizari nyembamba, tangawizi na kijiko cha samli.

Pasha mafuta ya ufuta yawe vuguvugu, kisha umkande mgongo na nyonga taratibu, bila kumharakisha, kabla hajaoga. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiukande kamwe: hali hiyo, sawa na homa au damu nyingi, yataka hospitali mara moja.