Ukialikwa hitima nawe si Mwislamu

Wafanyakazi wenzangu wengi wametoka bara. Mwenzetu Mwislamu akifiwa hapa Tanga, swali huwa lilelile: hitima ni nini, na sisi tunaruhusiwa kuja? Njooni. Tena mje mapema, maana anayeingia katikati ya kisomo huwakata wasomaji.

Hitima ni kuisoma Kurani yote hadi mwisho na kumwombea marehemu. Neno lina asili ya Kiarabu, khatma, na mzizi wake unabeba maana ya kukamilisha, kufunga kwa muhuri. Hatima na hitimisho ni ndugu zake. Hitimu vilevile: mtoto wa pwani alihitimu chuoni kwa mwalimu wake siku alipoimaliza Kurani, na leo tunahitimu hata udaktari. Kwa hiyo usiuite msiba mzima hitima. Hitima ni kile kisomo chenyewe, na wengi wetu tunakisoma siku ya tatu, wengine na arubaini. Huko Zanzibar, hitima ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, husomwa Kisiwandui kila mwaka ifikapo siku hiyo.

Kurani ina sura 114, nayo imegawanywa mafungu 30 tunayoyaita juzuu. Utaona kisanduku chenye vitabu vyembamba, kila kimoja na juzuu yake. Hugawiwa: wewe chukua ya kwanza, yule ya kumi na saba. Kisha wote husoma kwa pamoja, kila mmoja ya kwake, kwa sauti ya chini. Usishangae kusikia sauti zimepishana, hakuna aliyepotea. Msomaji hodari juzuu moja haimchukui saa nzima, na kwa muda huohuo Kurani yote imekwisha. Hapo sauti hukutana kwenye sura fupi za mwisho, ikafuata Fatiha na aya za mwanzo za Bakara, kwa sababu aliyemaliza Kurani huianza tena palepale. Mimi huisubiri sana sehemu hii. Halafu huja dua.

Ukikabidhiwa juzuu, ipokee kwa mkono wa kulia, umpe aliye karibu nawe na useme tu kwamba husomi. Usiiweke chini mkekani. Ni maneno ya Mungu, na anayeisoma huishika akiwa na udhu, yaani ameshatawadha. Wakati wa dua unaweza kuinua mikono au kutulia tu. Hakuna atakayekudai useme usichokiamini.

Viatu viache mlangoni. Mwanamke avae dira au gauni refu na mtandio, apite ndani kwa wanawake. Mwanamume suruali ndefu au kanzu, akae na wanaume barazani, chini ya turubai au msikitini. Dada zangu, mkiweza fikeni asubuhi. Kuna mchele wa kuchambua na vitunguu vya kumenya, na mfiwa hasahau mikono iliyomsaidia siku ile.

Mkono wa pole tunauita ubani. Ubani wenyewe ni ule unaofukizwa kwenye chetezo, ila siku hizi jina hilo ni la fedha pia. Toa ulichonacho, kimyakimya, kwa mwenye daftari. Pilau ikiletwa, kula na wenzako sinia moja, kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yako. Usikatae, hata kama ni tonge mbili.

Maneno hayana ugumu: “Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu.” Mjane yumo edani, yaani kipindi chake cha kumwombolezea mume, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo mwanamume asiombe kumpa mkono, salamu zake azipitishe kwa wanawake wa nyumba.

Jambo moja muhimu: si Waislamu wote wanaosoma hitima. Wapo wanaosema haina ushahidi katika sunna, yaani mwenendo wa Mtume, nao huzika, wakamwombea maiti wao, wakaishia hapo. Mimi nimelelewa nayo na ninaipenda kwa dhati, lakini nyumba ya mfiwa si mahali pa kubishania hilo. Kabla ya kuuliza hitima ni lini, muulize jirani au ndugu wa karibu kama familia ile inaifanya. Ukiambiwa hawana, nenda kuwapa pole siku yoyote baada ya maziko, ukae nao kidogo, na ubani wako utoe vilevile.