Picha ya ukutani kwa manjano na magadi
Ukitaka picha ya ukutani yenye sayansi ndani yake, anzia jikoni. Koroga kijiko cha manjano ya unga kwenye spiriti (mbali na moto!), pakaa karatasi nyeupe nzito, iache ikauke. Yeyusha magadi kwenye maji kidogo, chovya kijiti cha pamba, uchore. Mstari unageuka damu ya mzee papo hapo, kwa sababu kurkumini, ile rangi ya manjano, huwa nyekundu ikikutana na alkali kama magadi. Pakizidi, gusa kwa maji ya limau, unjano unarudi. Majani na mishipa yake hupendeza sana kwa njia hii. Usiitundike panapopiga jua, manjano hupauka upesi.